Sanduku la Khartoum: mchezo wa mezani unaohitaji maji, mtama na udongo mkavu

Hili si la kufungua na kuanza kucheza siku hiyo hiyo. Ni beseni la plaiwudi la sentimita 90 kwa 70, kina chake sentimita 12, na ndani yake umefinyangwa mji wa Khartoum ulivyokuwa mwaka 1884, umekaa kwenye pembe inayokutanisha mito miwili. Unamimina maji: Nile Nyeupe inajaa upande wa magharibi, Nile ya Buluu upande wa kaskazini. Pembeni kuna koki ndogo ya plastiki, na koki hiyo ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu lini mji utaanguka.

Linatengenezwa na karakana moja ya hapa Mwanza na linauzwa shilingi 210,000 bila usafiri. Kwa mwalimu wa historia, klabu ya wanafunzi au watu wazima wanaopenda michezo ya vita vya zamani, linastahili bei hiyo. Lakini sharti ulifanyie kazi ya siku mbili kwanza, na sharti ubadilishe kanuni kadhaa za kijitabu chake. Ukilitumia kama lilivyotoka dukani, litavuja, na pia litakufundisha uongo kuhusu njaa.

Tukumbushane vita vyenyewe. Sudan ilikuwa chini ya Misri, na Misri ilikuwa imeshikwa na Waingereza tangu mwaka 1882. Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, aliuteka mji wa El Obeid mwezi Januari 1883 kisha akaliangamiza jeshi la Misri lililoongozwa na Mwingereza Hicks kule Shaykan mwezi Novemba mwaka huo huo. Jenerali Gordon, Mwingereza aliyekuja kuuongoza mji, aliingia Khartoum tarehe 18 Februari 1884. Kufikia katikati ya Machi njia zilikuwa zimefungwa. Ndani mlikuwa na watu 34,000 hivi, askari wakiwa kati ya 7,000 na 8,000. Mji ulianguka alfajiri ya tarehe 26 Januari 1885. Mchezo unakwenda kwa zamu 23, kila zamu ni wiki mbili, kuanzia tarehe 13 Machi 1884.

Khartoum haikuwa na ukuta wa kuizunguka. Mito ililinda pande mbili, na upande wa kusini, uliokuwa wazi, ulikatwa kwa handaki na ukingo wa udongo vilivyotoka Nile Nyeupe hadi ngome ya Burri kwenye Nile ya Buluu, kama kilomita 6 hivi. Kazi hiyo ilianzishwa na Abd al-Qadir Pasha kabla ya Gordon kufika. Gordon akaongeza nyaya, miiba ya chuma ya kuchoma miguu, vipande vya chupa, na mabomu ya kufukiwa yaliyotengenezwa kwa masanduku ya bati. Nje ya handaki kulikuwa na ngome ya Omdurman ng'ambo ya magharibi, ngome ya kaskazini ng'ambo ya Nile ya Buluu, na kisiwa cha Tuti katikati.

Mafundi wameliweka handaki kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 100, kwa hiyo mezani lina urefu wa sentimita 62. Kimo wamekikuza mara nyingi zaidi ya upana, na hilo ni sawa: kwa kipimo cha kweli ukingo wa udongo usingeonekana kabisa, ungekuwa kama mstari wa penseli. Unapewa vijiti 15 vya askari, kila kimoja kikiwakilisha watu 500 hivi. Toa viwili vya Omdurman na ngome ya kaskazini, toa kimoja cha Tuti na kimoja cha kukaa na stima. Vinabaki 11 vya kusimama kwenye sentimita 62. Vipange uone ulivyo mwembamba mstari huo, hata kabla mtu hajakufa. Hapo mtoto wa kidato cha pili anaelewa jambo ambalo kurasa tano za kitabu haziwezi kumwelewesha: ukingo mrefu unakula askari.

Sasa tuje kwenye maji, maana ndiyo sababu ya kulinunua sanduku hili.

Zamu ya 1, mwezi Machi, unaanza na lita 1. Mto uko chini. Kuanzia zamu ya 9 hadi ya 12 unaongeza nusu lita kila zamu, mpaka zifike lita 3: hayo ni mafuriko ya Julai na Agosti. Zamu ya 13 na 14 huyagusi. Kuanzia zamu ya 15 unafungua koki na kutoa robo lita kila zamu mpaka mwisho. Hesabu hiyo inakuacha na robo tatu ya lita kwenye zamu ya 23, mwezi Januari, na hapo upande wa magharibi umekuwa tope.

Ncha ya magharibi ya handaki, ile inayogusa Nile Nyeupe, haikufinyangwa na mafundi. Wameacha nafasi ya sentimita 9, na wewe unaijaza kwa udongo kila unapocheza. Maji ya Agosti yanapanda mpaka kwenye udongo huo. Kwa dakika chache hakuna kinachoonekana. Kisha ukingo unatoa mapovu madogo, unapasuka kwa juu kama ugali uliokauka, na ubavu wake mmoja unashuka taratibu ndani ya handaki na kulijaza. Maji bado yako juu, kwa hiyo hakuna adui anayeweza kupita hapo, na mchezaji anayelinda mji kwa kawaida hana habari. Anashughulika na mabomu yake ya upande wa Burri. Miezi mitano ya mchezo baadaye maji yanashuka, na pale palipokuwa na mto panabaki ufukwe wa tope usio na handaki wala ukingo.

Ndivyo ilivyotokea. Mafuriko ya mwaka 1884 yaliharibu handaki upande ule, mto ulipopungua ukaacha pengo, na askari waliodhoofika kwa njaa hawakuwa na nguvu ya kulichimba upya. Ansari, yaani wafuasi wa Mahdi, wakiongozwa na Wad al-Nujumi, walipita humo gizani wakikanyaga tope.

Ili udongo uvunjike inavyotakiwa, lazima uwe mkavu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Udongo wa mfinyanzi ukiwa bado mbichi hauyeyuki upesi majini, unakaa na umbo lake hata saa nzima, na mchezo unakosa maana. Uliokauka kabisa ndio unaonyonya maji na kumomonyoka. Changanya vikombe viwili vya udongo wa mfinyanzi na kikombe kimoja cha mchanga mwembamba wa ziwani uliochekechwa, finyanga ncha hiyo jioni, iache mpaka kesho yake. Mchanga ukizidi, ukingo unaanguka wote mara moja maji yanapogusa. Mchanga ukikosekana, unabaki donge. Udongo wa rangi wa watoto wa shule usiutumie kabisa, una mafuta na haumomonyoki hata ukiuacha wiki.

Jambo la pili ni usawa wa meza. Weka pima maji juu ya beseni, mara kwa urefu, mara kwa upana. Beseni likiinama nusu sentimita kuelekea mashariki, tope la magharibi linajitokeza mwezi Septemba, kabla hata Mahdi hajafika, na mchezo umeharibika. Meza nyingi za madarasani zina mguu mmoja mfupi. Kunja karatasi uiweke chini ya mguu huo, usiiweke chini ya beseni, kwa sababu plaiwudi yenye maji inajipinda inaposhikiliwa sehemu moja.

Kuvuja ndio udhaifu mkubwa wa kazi ya mafundi hawa. Plaiwudi yao ni ya milimita 9, nzuri, lakini kingo zilizokatwa hazikuzibwa, na kingo ndizo zinazokunywa maji. Ukijaza lita 3 mara ya kwanza, baada ya saa mbili utaona pembe ya kaskazini-magharibi imevimba na gundi imeanza kuachia. Dawa yake ni hii: kabla hujatia maji hata tone, piga msasa kingo zote za ndani, paka rangi ya mafuta mikono miwili, mkono wa pili baada ya wa kwanza kukauka kwa saa 24, kisha pitisha silikoni kwenye maungio yote manne na kuizunguka koki. Fungua koki yenyewe, zungushia nyuzi zake tepu ya mafundi bomba mara tano au sita, uirudishe kwa mkono bila spana, maana nati ni ya plastiki na inapasuka. Jaza maji, tandika magazeti chini, acha usiku mzima. Asubuhi magazeti yakiwa makavu, umepona. Kazi hii ingepaswa kufanywa karakanani, na kwa shilingi 210,000 ni haki ya mnunuzi kuidai.

Stima ni habari nyingine kabisa, hizo ni za kusifiwa bila kubakiza. Ziko saba, za bati, zimekatwa na kukunjwa kwa mikono ile ile inayotengeneza koroboi, na anayeijua Makoroboi ya hapa Mwanza ataitambua kazi hiyo kwenye mshono wa chini. Zinaelea kweli. Ubavuni zimebandikwa vipande vidogo vya bati na mti, kama stima za Gordon zilivyovikwa mabamba ya chuma na mbao ili risasi zisipenye. Majina yameandikwa kwa brashi: Bordein, Talahawiya, Ismailia, Husseiniya, Abbas, Safia, Mansura. Ukiinua Bordein uitazame kwa karibu, utaona hata gurudumu la ubavuni lina makasia sita yaliyokunjwa moja moja.

Na stima ndizo zinazomtia mlinzi wa mji kwenye mashaka makubwa kuliko yote. Kila stima iliyoko mtoni inaweza kutafuta chakula kandokando ya mito. Lakini stima hizo hizo zinahitajika kwenda kaskazini kupeleka habari na kulipokea jeshi la msaada la Waingereza. Zamu ya 13 kwenye mchezo, mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, inapaswa kuchezwa polepole kuliko zote. Mapema Septemba 1884 Muhammad Ali Pasha, kamanda hodari wa Gordon, aliingizwa mtegoni karibu na El Eilafun akauawa pamoja na watu wasiopungua 800. Mezani unaondoa vijiti viwili. Siku chache baadaye Kanali Stewart, msaidizi wa Gordon, akaondoka na stima ya Abbas. Stima ikagonga mwamba, yeye akauawa tarehe 18 Septemba, na karatasi zake zikamfikia Mahdi. Kuanzia hapo adui alijua hali ya mji kuliko wenyeji wengi wa mji. Kanuni ya sanduku ni safi: Abbas ikizama, mlinzi lazima afunue kopo lake la chakula mbele ya mpinzani, na libaki wazi mpaka mwisho. Ukiona uso wa mlinzi wakati anafunua, utajua kanuni hiyo imetungwa na mtu aliyeielewa vita hii.

Zamu ya 18, mwezi Novemba, ngome ya Omdurman inatenganishwa na mto na adui, na Husseiniya inazama. Ngome yenyewe ilijisalimisha mwezi Januari. Tangu wakati huo mizinga ya Mahdi ilikuwa ng'ambo tu ya Nile Nyeupe, inautazama mji.

Chakula ni mtama halisi ndani ya kopo, unapimwa kwa kizibo cha soda. Uchaguzi huo ni mzuri, kwa sababu chakula kikuu cha Khartoum kilikuwa mtama, na watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa mtama ni nini. Ila hesabu ya kijitabu ni mbovu. Inakupa vizibo 80 na kusema mji unakula vizibo 4 kila zamu, au 2 kwa nusu posho bila adhabu yoyote. Kokotoa: ukila 4 kwa zamu saba za mwanzo, umetumia 28, umebakiwa na 52. Zamu 16 zilizobaki kwa vizibo 2 ni 32. Mji unamaliza vita ukiwa na vizibo 20 koponi. Mji ulioanguka watu wakila punda, mbwa, panya, gundi ya miti na nyuzi za mtende, kwenye meza hii unamaliza vita na akiba!

Kanuni inayofanya kazi ni hii. Anza na vizibo 60. Posho kamili ni 4, posho ya kubana ni 3, njaa ni 2. Kila zamu ya njaa, laza kijiti kimoja chini: askari yupo lakini hawezi kuchimba wala kupigana, na hasimami tena mpaka mji ule posho kamili. Stima iliyoko mtoni inarusha dadu kila zamu. Ikipata 5 au 6 inaleta vizibo 2, mpaka zamu ya 16, kwa sababu Mahdi mwenyewe aliwasili mwezi Oktoba na baada ya hapo mito haikuwa na usalama. Ukianza na 60 na kubana posho 3 tangu siku ya kwanza, bila stima kuleta kitu, kopo linakuwa tupu mwisho wa zamu ya 20, yaani katikati ya Desemba. Gordon alifunga shajara yake tarehe 14 Desemba 1884 akionya kwamba msaada usipofika ndani ya siku 10 mji unaweza kuanguka. Hapo mtama na historia vinakwenda pamoja.

Ongeza na hii, kijitabu hakina: mwezi Januari mlinzi anaruhusiwa kuwatoa raia. Gordon aliwaruhusu wanaotaka kwenda upande wa Mahdi waende, na maelfu walikwenda. Mezani, anayetoa raia anashusha posho kwa kizibo 1 kila zamu. Mchezaji mjanja atauliza kwa nini asiwatoe tangu Machi. Swali zuri, mwache alijibu mwenyewe: raia hao ndio wachimbaji wa handaki.

Kosa la kijitabu linaloumiza zaidi liko ukurasa wa 9. Kinasema Nile Nyeupe ilishuka Januari 1885 kwa sababu maji ya ziwa letu la Victoria yalipungua. Inaeleweka kwa nini mtu wa Mwanza angependa kuandika hivyo. Speke aliliona ziwa hili akiwa hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akaliita chanzo cha Nile, na maji yanayotoka Jinja kweli yanapita Khartoum. Lakini njiani yanapita Kyoga na Albert, kisha yanaingia kwenye madimbwi ya Sudd ambako karibu nusu yake hupotea kwa mvuke. Yanayobaki hufika Khartoum yakiwa na kiwango kisichobadilika sana mwaka mzima. Kinachopanda na kushuka ni Nile ya Buluu kutoka Ethiopia. Mafuriko yake ya Julai mpaka Septemba yana nguvu kiasi cha kuizuia Nile Nyeupe pale zinapokutana, kama mtu aliyesimama mlangoni, nayo inajaa nyuma yake na kutapakaa kwenye kingo. Mafuriko yakipita, mlango unafunguka, na Nile Nyeupe inashuka miezi ile ya Novemba mpaka Januari. Anayeikumbuka Mwanza ya mwaka 2006, ziwa liliposhuka na ufukwe ukatokeza pale ambapo mitumbwi ilikuwa ikipita, anaweza kuipata picha ya tope la Khartoum, ila asichanganye sababu. Mwalimu abandike karatasi juu ya aya hiyo kabla ya kumpa mwanafunzi kijitabu.

Kosa la tatu liko kwenye zamu ya mwisho, na linatokana na kipimo cha wiki mbili. Zamu ya 23 inaanza tarehe 15 Januari na kuishia tarehe 28. Ndani yake kuna mapigano ya Abu Klea tarehe 17 kati ya jeshi la msaada na Ansari, shambulio la mwisho tarehe 26, na stima mbili za ofisa Wilson wa jeshi la msaada, Bordein na Talahawiya, zilizofika mbele ya mji tarehe 28 zikakuta umeshatekwa. Kijitabu kinasema kwenye zamu ya 23 jeshi la msaada linatembea kwanza. Likitembea kwanza, linafika, na mji unaokolewa kila mara! Igawe zamu hiyo kwa siku 14. Msaada unasonga hatua moja kwa siku ukitokea Metemma, kaskazini mwa Khartoum, baada ya siku ya 9, kwa sababu Wilson aliondoka karibu na Metemma tarehe 24. Ansari wanaweza kushambulia siku yoyote baada ya habari za Abu Klea kuwafikia. Wakichelewa kuamua, Wilson anaingia. Ndilo swali lililomkabili Mahdi wiki ile, na kanuni ya kijitabu inamnyima mchezaji nafasi ya kulijibu.

Upande wa Ansari umetengenezwa kwa haraka, na inaonekana. Kadi zao zinawaita madervishi, jina ambalo Mahdi mwenyewe aliwakataza wafuasi wake kulitumia, akataka waitwe Ansari. Lirekebishwe. Pia mchezaji wao amepewa kadi za kushambulia tu, tisa kwa jumla, kana kwamba hawakuwa na akili nyingine. Septemba 1882 walishambulia El Obeid kwa nguvu wakafyekwa na bunduki za Remington za walinzi. Kuanzia hapo Mahdi akaifanya njaa kuwa silaha yake, na El Obeid ikaanguka Januari iliyofuata bila kuhitaji kurudia kosa hilo. Khartoum aliizingira kwa somo hilo. Badilisha kadi tano kati ya tisa ziwe za subira: kufunga njia ya nafaka, kuchimba mahandaki ya kukata Omdurman, kupeleka barua ndani ya mji, kupandisha mizinga ya Krupp iliyotekwa, na kungoja. Kadi ya kungoja ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu kila zamu inayopita kopo linapungua.

Kuna kadi inayoitwa Msaliti. Ikitoka, Faraj Pasha, kamanda wa Gordon, anafungua lango na mji unaanguka hapo hapo. Itoe kabisa. Uvumi huo ulienea baada ya vita, lakini uchunguzi wa Kitchener, ofisa wa Uingereza, ulioandikwa mwaka huo huo 1885 uliona kwamba mji ulianguka kwa sababu walinzi walikuwa wamechoka kwa njaa kiasi cha kushindwa kuzuia shambulio la ghafla. Kadi moja ya usaliti inaifuta kazi yote ya maji, udongo na mtama, na mwanafunzi anaondoka akidhani mji unaanguka kwa mtu mmoja mbaya.

Mabomu ya kufukia ni vibati 30 vya duara, vimelazwa kifudifudi mbele ya handaki, 12 kati yake ni vitupu. Vinafanya kazi vizuri. Usivipange vyote karibu na malango. Panga vichache magharibi, hata kama kijitabu kinasema upande huo umelindwa na mto.

Kadi ya Ekwatoria, inayomwonyesha Emin Pasha, gavana wa mkoa huo wa kusini mwa Sudan, aliyekatiwa njia huko, haina kazi kwenye mchezo. Ila ina thamani darasani kwa watu wa huku, maana huyo Emin ndiye aliyekuja kujenga kituo cha Bukoba mwaka 1890. Wanafunzi wa Bukoba wataishika kadi hiyo kwa namna nyingine.

Kuhusu usafirishaji. Kwa basi kwenda Musoma au Shinyanga, beseni lifungwe kwenye fremu ya mbao, mji ukiwa juu, na stima zitolewe zifungwe kwenye kitambaa. Kwa meli ya Bukoba ni salama zaidi kwa sababu mzigo hautikiswi. Paa za nyumba za mji ni za kadibodi na ndizo zinazovunjika kwanza. Omba karakana ikupe vipande vya ziada, wanavyo na hawatozi.

Mchezo mzima, kwa kanuni zilizorekebishwa, unachukua saa tatu na nusu. Kwa vipindi vya shule cheza zamu 1 mpaka 8 siku ya kwanza, 9 mpaka 16 siku ya pili, zilizobaki siku ya tatu, na usimwage maji katikati: funika beseni kwa ubao, maana nzi na vumbi vinaharibu rangi ya mto. Mkiumaliza, toa udongo kwa kijiko kabla ya kufungua koki, la sivyo tope linaziba tundu lake na utalazimika kuling'oa. Futa kwa kitambaa, kausha kivulini. Juani plaiwudi inajikunja ndani ya saa moja. Mtama uutie majani makavu ya mwarobaini uufunike vizuri kwenye kopo, na uubadilishe kila msimu wa mavuno, kwa sababu fukusi wakiingia kizibo kimoja hakipimi tena sawa na kingine.